Je, 111 ni namba tasa? Vigawo, vigawe na mahali pa kukomea

Saa kumi na moja jioni, steji ya Railways, Nairobi. Gari la Ngong bado lina viti vitupu na makanga anaapa kwamba wamebaki wawili tu. Mpwa wangu, mtoto wa dada, yuko Gredi ya 7 na wiki hiyo darasani walikuwa kwenye vigawo. Akakitazama kibao cha namba ya njia kilichobandikwa kwenye kioo cha mbele, 111, akasema: "Mjomba, hii ni tasa. Haigawanyiki na kitu."

"Umejuaje?"

"Si unaona tu vile imekaa."

Kweli imekaa hivyo. Tarakimu tatu zimesimama wima kama nguzo za stima, hakuna hata moja inayokukumbusha jedwali la kuzidisha. Lakini 111 ni 3 × 37. Na mimi sina mdomo wa kumcheka mtoto, kwa maana nikiwa na umri wake niliandika kwenye mtihani kwamba 91 ni tasa, nikapoteza maksi, kisha nikabishana na mwalimu mpaka aliponiandikia ubaoni 7 × 13. Namba haijulikani kwa sura. Inaulizwa maswali, na ujuzi wote uko katika kujua ni maswali gani ya kuuliza na wapi pa kukomea.

Tuanze na maneno, maana nusu ya mkanganyiko iko hapo. Kenya tunasomeshwa hisabati kwa Kiingereza, kwa hiyo wengi wetu hatuna istilahi za Kiswahili vichwani. Watanzania wanaosoma Hisabati kwa Kiswahili katika shule za msingi wamezizoea, nami nazikopa kwao. Mbili zinafanana mno: kigawo na kigawe. Zinatofautiana kwa irabu moja ya mwisho, na irabu hiyo haikuwekwa ovyo. Kiswahili hupenda kuishia na -o kwenye kitu kinachotumika kutenda: kifuniko hufunika, kizibo huziba, ufagio hufagia. Ikija -e, mara nyingi anayetajwa ni aliyetendwa: mtume ametumwa, mteule ameteuliwa, kiumbe kimeumbwa. Basi kigawo ndicho kinachogawa, na kigawe ndicho kinachogawiwa. Ukishika hilo hutavichanganya tena.

Kwa hiyo 3 ni kigawo cha 111, na 111 ni kigawe cha 3. Ni habari moja iliyotazamwa kutoka ncha mbili, kama vile mimi ni mjomba kwa kuwa yule ni mpwa. Hata hivyo kuvitafuta si kazi moja. Vigawe havina mwisho wala havina ugumu: 3, 6, 9, 12, unazidisha tu hadi uchoke. Vigawo vina mwisho, kwani hakuna kigawo cha namba kinachoizidi namba yenyewe, lakini lazima uvitafute. Na anayetafuta kitu gizani lazima ajue chumba kinaishia wapi, la sivyo atapapasa ukuta usiku kucha.

Chukua trei mbili za mayai, yaani mayai 60. Muuzaji anataka kuyapanga mezani kwa safu zilizo sawa, asibakize hata moja. Safu 1 ya mayai 60. Safu 2 za 30. Safu 3 za 20. Safu 4 za 15, safu 5 za 12, safu 6 za 10. Saba? Saba mara nane hamsini na sita, yanabaki manne. Nane vilevile, yanabaki manne. Tisa, yanabaki sita. Kumi? Inakubali: safu 10 za mayai 6. Lakini subiri. Hizo si zile safu 6 za mayai 10? Mayai hayajasogea hata kidogo. Wewe ndiye umezunguka meza.

Hapo ndipo pa kukomea. Vigawo hutembea viwili viwili. Kimoja kikikua, mwenzake hupungua: 1 na 60, 2 na 30, 3 na 20, 4 na 15, 5 na 12, 6 na 10. Wanaelekeana kama watu wawili wanaokuja kutoka ncha mbili za barabara, na lazima wapishane mahali fulani. Mahali hapo ni kipeuo cha pili, yaani ile namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe inakurudishia namba uliyoanza nayo. Kipeuo cha pili cha 60 kiko kati ya 7 na 8, kwa sababu 7 × 7 ni 49 na 8 × 8 ni 64. Ukishajaribu hadi 7, umemaliza. Haiwezekani kukawa na jozi ambayo wote wawili wamefika 8, kwa kuwa jibu lao lingekuwa 64 au zaidi, na mayai yetu ni 60. Lazima mmoja wa kila jozi awe mdogo, na wadogo wote umeshawahoji.

Mpwa wangu alikuwa amefundishwa kuandika jozi, lakini hakuna aliyemwambia kwa nini anaruhusiwa kuacha. Alikuwa akijaribu hadi nusu ya namba, "kwa usalama". Kwa 60 hasara yake ni ndogo. Kwa 2027, ambayo tutaifikia, ni tofauti ya kujaribu hadi 45 na kujaribu hadi 1,013.

Wakati mwingine wale wawili hukutana badala ya kupishana. Vigawo vya 36 ni 1 na 36, 2 na 18, 3 na 12, 4 na 9, halafu 6 na 6, mtu mmoja kajiangalia kwenye kioo. Ndiyo maana 36 ina vigawo 9, idadi isiyogawanyika kwa mbili. Ukiona namba ina idadi witiri ya vigawo, jua ni namba iliyozidishwa kwa yenyewe, bila haja ya kuuliza zaidi.

Sasa tasa. Namba tasa ni ile yenye vigawo viwili tu, 1 na yenyewe: 2, 3, 5, 7, 11, 13 na kuendelea. Mayai 13 hayapangiki ila kwa mstari mmoja mrefu. Namba 1 haimo, kwa kuwa ina kigawo kimoja, si viwili. Watu hudhani hiyo ni kanuni ya kuonea tu, lakini ina sababu. Kila namba kuanzia 2 ama ni tasa yenyewe, ama huvunjika kuwa tasa kwa namna moja tu: 60 ni 2 × 2 × 3 × 5, uanze na 6 × 10 au 4 × 15, utaishia palepale. Ukiikubali 1 iwe tasa, basi 60 itakuwa pia 1 × 2 × 2 × 3 × 5, na 1 × 1 × 2 × 2 × 3 × 5, na hutaweza tena kusema "namna moja tu".

Jina lenyewe silipendi. Tasa ni asiyezaa, na hizi ndizo zinazozaa nyingine zote kwa kuzidishana. Lingefaa zaidi jina la kusema kwamba hazikuzaliwa na yeyote. Lakini lugha imeshaamua.

Turudi kwenye kibao cha Ngong. 10 × 10 ni 100, 11 × 11 ni 121, kwa hiyo kwa 111 tunakomea 10. Tena hatuna haja ya kujaribu kila namba hadi 10. Kama 2 imekataa, 4, 6 na 8 zitakataa tu, kwa sababu ndani yake mna 2. Kama 3 imekataa, 9 haina la kusema. Tunauliza tasa pekee: 2, 3, 5, 7. Maswali manne. La 2 ni rahisi, 111 inaishia na 1, ni witiri. La 3: jumlisha tarakimu, 1 + 1 + 1 ni 3, na 3 inagawanyika kwa 3. Kwisha habari. Gari halikuwa limeondoka hata steji.

"Lakini kwa nini ukijumlisha tarakimu inafanya kazi?" akauliza. Swali zuri, na wengi tuliokariri kanuni hii hatukuwahi kuuliza. Jibu liko mfukoni. Una noti ya mia, soo moja, unataka kuwagawia watu watatu. Kila mmoja anapata 33, inabaki shilingi 1. Sarafu ya kumi: kila mmoja 3, inabaki shilingi 1. Noti ya elfu: kila mmoja 333, inabaki shilingi 1. Iwe kumi, mia au elfu, kila kipande kinakuachia shilingi moja mkononi. Sasa chukua namba ya gari la Thika, 237. Mia mbili, yaani soo mbili, zinakuachia shilingi 2. Makumi matatu yanakuachia 3. Na 7 za mwisho ziko palepale. Mkononi una 2 + 3 + 7, shilingi 12, na 12 wanagawana watatu bila ugomvi. Basi 237 inagawanyika kwa 3: ni 3 × 79. Tazama utani wake: 2 ni tasa, 3 ni tasa, 7 ni tasa, na zikikaa pamoja si tasa.

Ukielewa habari ya mabaki, kanuni nyingine zote zinajieleza. Kwa 9 ni vilevile, kwa kuwa 10, 100 na 1,000 zote zinabakiza 1 zikigawanywa kwa 9. Kwa 2 na 5 unatazama tarakimu ya mwisho tu, maana kumi lenyewe halibakizi kitu. Kwa 4 unatazama mbili za mwisho, kwani ni mia isiyobakiza. Kwa 11 kuna mchezo kidogo: kumi limepungukiwa na 1, mia imezidi kwa 1, elfu imepungukiwa na 1, kwa hiyo unajumlisha na kutoa kwa zamu. Jaribu 583: 5 toa 8 ongeza 3 ni sifuri, basi inagawanyika, nayo ni 11 × 53.

Saba ndiyo mkorofi. Kumi linabakiza 3, mia 2, elfu 6. Hakuna mpangilio wa kukariri bila kuumwa kichwa. Ipo kanuni ya kuikata tarakimu ya mwisho, kuizidisha kwa 2 na kuitoa kwenye kilichobaki: 91 inakuwa 9 toa 2, ni 7, basi inakubali. Laiti ningeijua kabla ya ule mtihani. Inafanya kazi kwa sababu ya 21, ambayo ni kigawe cha 7. Binafsi nikiwa na kalamu nagawanya tu, ni haraka kuliko kukumbuka kanuni. Ila hiki kizuri ukijue: 7 × 11 × 13 ni 1,001. Kwa hiyo andika namba yoyote ya tarakimu tatu mara mbili mfululizo, mathalani 237,237, na bila hata kuitazama unajua inagawanyika kwa 7, kwa 11 na kwa 13. Mwaka 2002, ule wa Kibaki kuingia Ikulu, ni 2 × 7 × 11 × 13.

Tangu siku hiyo namba za magari zimekuwa mchezo wetu. Rongai, 125, ni 5 × 5 × 5, namba safi kuliko gari lenyewe. Kikuyu, 105, ni 3 × 5 × 7. Kawangware, 46, ni 2 × 23, na Buruburu, 58, ni 2 × 29. Githurai ndiyo tamu zaidi. Ni mtaa uliogawanyika majina kwa namba za magari yaliyokuwa yakiuhudumia: Githurai 44 na Githurai 45. Zivunje: 44 ni 2 × 2 × 11, na 45 ni 3 × 3 × 5. Majirani hao hawana kigawo hata kimoja cha shirika isipokuwa 1. Wala si bahati ya Githurai. Namba mbili zinazofuatana haziwezi kamwe kushirikiana kigawo, kwa kuwa kigawo cha zote mbili kingelazimika kugawa pia tofauti yao, na tofauti yao ni 1.

Hapo tumeingia kwenye vifupisho viwili vinavyotesa wanafunzi: KKS, kigawo kikubwa cha shirika, na KDS, kigawe kidogo cha shirika. Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba matatu huondoka kwa saa na si kwa kujaa. Moja linatoka kila dakika 12, jingine kila dakika 18, na sasa hivi yametoka pamoja. Yatatoka pamoja tena lini? Anayekimbilia kuzidisha atasema baada ya dakika 216. Ni kweli yatakuwa pamoja dakika hiyo, lakini yatakuwa yameshakutana mara kadhaa kabla yake. 12 ni 2 × 2 × 3, 18 ni 2 × 3 × 3. Kigawe cha zote mbili kinahitaji 2 mbili na 3 mbili, si zaidi: 36. Yanakutana kila dakika 36. Na walichoshirikiana ni 2 moja na 3 moja, yaani KKS ni 6. Zidisha 6 kwa 36, unapata ile 216. Haikupotea, ni kwamba 6 ilihesabiwa mara mbili, mara moja ndani ya 12 na mara moja ndani ya 18.

KKS ni ya fundi wa tailsi. Chumba kina sentimita 360 kwa 420, mwenye nyumba hataki tailsi ikatwe hata moja, na anataka tailsi kubwa ya mraba iwezekanavyo. Unaweza kuvunja namba zote mbili kuwa tasa. Lakini iko njia ya zamani, ya Euclid wa Alexandria, takriban mwaka 300 KK, inayokwepa kazi yote ya kuvunja. Toa ndogo kwenye kubwa: 420 toa 360 ni 60. Sasa angalia 360 na 60: 60 inaingia mara sita, haibaki kitu. Jibu ni 60. Tailsi ya sitini kwa sitini, na inauzwa madukani.

Chumba hicho ni chepesi mno, hakionyeshi nguvu ya njia yenyewe. Jaribu 1,147 na 899, namba ambazo sura zao hazikwambii lolote. 1,147 toa 899 ni 248. 899 ukitoa 248 mara tatu inabaki 155. 248 toa 155 ni 93. 155 toa 93 ni 62. 93 toa 62 ni 31. Na 62 ni 31 mara mbili kamili. KKS ni 31. Umepata kigawo cha shirika bila kujua vigawo vya yeyote kati yao, na sasa unavijua: 31 × 37 na 29 × 31. Kila hatua imesimama juu ya hoja ileile ya Githurai, kwamba kinachogawa namba mbili hugawa pia tofauti yao.

Tulipopita Adams Arcade, kwenye msongamano wa kawaida, mtoto aliuliza hizo tasa za kujaribia tunazitoa wapi. Zinachekechwa. Kwenye mjengo wowote Nairobi utamwona kibarua akirusha mchanga kwenye wavu ulioinamishwa, laini inapita, kokoto zinabaki. Eratosthenes, msimamizi wa maktaba ya Alexandria katika karne ya 3 KK, ndiye anayetajwa kwa chekecheke la namba. Andika 2 hadi 100. Acha 2, kata vigawe vyake vingine vyote. Namba inayofuata ambayo haijakatwa ni 3. Iache, kata vigawe vyake. Halafu 5. Halafu 7. Basi, acha. Inayofuata ni 11, na 11 × 11 ni 121, nje ya orodha. Vigawe vyake vilivyomo ndani ya 100 vimeshakatwa na wadogo zake. Zilizobaki ni 25, zote tasa.

Sasa 2027, mwaka wa uchaguzi mkuu ujao. 45 × 45 ni 2,025, kwa hiyo mpaka uko hapo, 45. Tasa zilizo chini ya 45 ni 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19, 23, 29, 31, 37, 41 na 43. Zihesabu: 14. Ni abiria wa matatu ndogo, kiti kwa kiti, na kila mmoja lazima aulizwe. 2 na 5 wanashukia mlangoni, 2027 inaishia na 7. 3: jumla ya tarakimu ni 11, hapana. 7 inaingia mara 289, inabaki 4. 11 inabakiza 3. 13 inabakiza 12, imekaribia kwelikweli lakini kukaribia si kufika. 17 inabakiza 4, 19 inabakiza 13, 23 inabakiza 3, 29 inabakiza 26, 31 inabakiza 12, 37 inabakiza 29, 41 inabakiza 18. Wa mwisho, 43, anaingia mara 47 na kubakiza 6. Hakuna aliyekubali. 2027 ni tasa. Hatujasema "inaonekana", tumesema ni, na hakuna wa kutupinga.

Fanya vivyo hivyo kwa 1963, mwaka wa uhuru, ambao umekaa kitasa kuliko hata 2027. Abiria wa sita, 13, anakubali: 13 × 151.

Namba zikiwa kubwa, njia hii ya kuhoji abiria huvunjika mgongo. Na waliodanganywa na sura si watoto wa Gredi ya 7 pekee. Marin Mersenne, mtawa wa Ufaransa, alichapisha mwaka 1644 orodha ya namba alizodai ni tasa, na mojawapo ilikuwa 2 kipeo cha 67, yaani 2 sitini na saba zikizidishwa pamoja, toa 1. Ni namba ya tarakimu 21: 147,573,952,589,676,412,927. Mwaka 1876 Mfaransa mwenzake, Édouard Lucas, alithibitisha kwamba si tasa, lakini hakuweza kutaja kigawo chake hata kimoja. Ilikuwa hadi 1903 ndipo Mmarekani Frank Nelson Cole alipovipata: 193,707,721 × 761,838,257,287.

Unawezaje kujua namba si tasa bila kujua kinachoigawa? Hapa kuna mfano mdogo, si njia ya Lucas mwenyewe ila wazo lake ni la ukoo huo. Pierre de Fermat, Mfaransa mwingine, alitambua katika karne ya 17 kwamba kama namba ni tasa na si 2, ukiipa 2 kipeo kilicho pungufu moja ya namba hiyo, kisha ukagawanya kwa namba hiyo, lazima ibaki 1. Chukua 7: 2 kipeo cha 6 ni 64, na 64 ni 63 ongeza 1. Sawa. Chukua 9: 2 kipeo cha 8 ni 256, ambayo ni 252 ongeza 4. Imebaki 4. Basi 9 si tasa, na popote hatukutaja 3. Kasoro ya kipimo hiki ni kwamba wako wanaopenya. 341 inakipita salama, na huku ni 11 × 31. Ndiyo maana wataalamu walibuni vipimo vikali zaidi, na mwaka 2002 Manindra Agrawal, Neeraj Kayal na Nitin Saxena wa Kanpur, India, wakatoa njia isiyokosea kamwe na ambayo muda wake haulipuki namba inaporefuka.

Kuvunja ndiko kumebaki kugumu. Kutambua kwamba namba ndefu si tasa ni kazi ya kufumba na kufumbua kwa kompyuta. Kuitoa vigawo vyake kunaweza kushindikana kabisa. Ugumu huo umegeuzwa kufuli. Mwaka 1977 Rivest, Shamir na Adleman walibuni njia ya kuficha ujumbe inayotumia zao la namba tasa mbili kubwa: zao linatangazwa hadharani, zile mbili zinafichwa. Mwaka 2020 watafiti waliivunja namba ya aina hiyo yenye tarakimu 250, kwa kazi ambayo kiini kimoja cha kompyuta kingeifanya kwa takriban miaka 2,700. Funguo za aina hiyo zinazotumika sana leo kwenye tovuti zina tarakimu 617.

Tulipofika Karen giza lilikuwa limeingia. Mbele yetu kulikuwa na pikapu iliyobeba magodoro, na tarakimu za namba yake zilikuwa 667. Akaanza bila kuambiwa. Kimya, vidole vikicheza pajani, makanga akidai nauli na yeye hasikii. 3, hapana. 7, inabaki 2. 11, hapana. 13, inabaki 4. 17, inabaki 4. 19, inabaki 2. Akainua uso.

"Hii sasa ni tasa, Mjomba. Nimeuliza wote."

"Mpaka wako uko wapi?"

Akafikiri. Ishirini na tano mara ishirini na tano, mia sita ishirini na tano. Ishirini na sita, mia sita sabini na sita. Mpaka uko 25. Akakunja uso, akahesabu tena tasa zake kwa vidole, akafika 19, akasita, kisha akacheka peke yake na kuandika kwenye kioo chenye ukungu kwa kidole: 23 × 29.